Je, Nyimbo za Franco Zilirefuka Mno?

Mwanafunzi mmoja hapa Meru aliniuliza majuzi vipi wazee tunavumilia wimbo wa dakika kumi na nne. Alimaanisha "Mario", uliotolewa mwaka 1985 na TPOK Jazz, bendi iliyoasisiwa mwaka 1956. Swali lake lina uzito. Enzi za santuri ndogo, wimbo ulikatwa vipande viwili, nasi tukaigeuza santuri kuifuata sebene. Santuri kubwa ilimwondolea Franco mpaka huo, na mara nyingine, sikatai, alisahau kunyamaza.

Hata hivyo, "Mario" haufupishiki. Ni kisa cha kijana anayelishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri; lawama hurudiwa kwa kuwa Mario hasikii. Hata asiyejua Kilingala huuhisi uchovu huo Franco na Madilu System wanapopokezana.

"Attention na SIDA" wa mwaka 1987 ndio unaonitatiza. Onyo lake kuhusu UKIMWI limejaa Kifaransa, ambacho wengi wetu huku hatukifahamu. Tuliucheza mdundo, onyo likatupita. Walimu wa Kifaransa wangeufasiri darasani, kipande kwa kipande, hata ukimaliza vipindi viwili.