Mzigo Mpya Uko Njiani: Ununue Tableti Leo au Ungoje?

Ingia katika magazini ya vifaa vya elektroniki mjini Butembo na dola 150 mfukoni, uulize tableti. Ikiwepo, utaambiwa hii ndiyo ya mwisho kutoka, hakuna inayoishinda. Isipokuwepo, utaambiwa ungoje: mzigo mpya umeshatoka Dubai au Guangzhou, uko Mombasa, siku si nyingi utavuka mpaka wa Kasindi. Mwenye magazini huenda anasema kweli mara zote mbili. Ila yeye anahesabu mali yake, na mteja naye ana hesabu yake ya kufanya.

Hesabu hiyo ilishawahi kuandikwa. Mwaka 1999 Chris Gottbrath na wenzake, wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitoa waraka mfupi wenye mzaha ndani yake, lakini hesabu zake ni halali. Waliuliza: ikiwa nguvu ya kompyuta inaongezeka maradufu kila baada ya miezi 18, mtu mwenye kazi ndefu ya kukokotoa aanze leo na mashine aliyo nayo, au akae kwanza, aje kununua yenye kasi zaidi na bado awahi kumaliza? Jibu lao: kazi ambayo kwa mashine ya leo itazidi miezi 26, ni heri ingoje. Iliyo fupi kuliko hapo ianze mara moja. Hiyo 26 inapatikana kwa kugawa 18 kwa 0.693, ambayo ni logi asilia ya 2.

Sasa weka miezi 48 mahali pa 18, yaani chukulia kwamba maendeleo yamepungua kasi. Kikomo kinaruka hadi miezi 69, karibu miaka sita. Maana yake ni kwamba teknolojia inapotembea polepole, anayengoja anapoteza muda wake bure. Inapokimbia, ndipo mwenye haraka hujuta.

Tableti zilishakimbia kweli. Mapema mwaka 2012, ng'ambo ya Mto Kongo, kijana wa Kongo-Brazzaville aitwaye Vérone Mankou alizindua Way-C, tableti iliyobuniwa Kongo ya huko na kuunganishwa China, kwa takriban dola 300. Ilikuja na Android 2.3 wakati Android 4.0 ilikwisha kutoka miezi michache kabla. Aliyengoja mwaka mmoja tu wakati ule alipata kifaa cha kizazi kingine kabisa. Na tarehe 1 Februari 2020 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 2.3. Kwa huku kwetu, tableti isiyofungua WhatsApp imebaki kuwa kioo cha kutazamia picha za zamani.

Mbio zile zimepoa. Tazama tableti ndogo za Samsung za bei nafuu: Galaxy Tab A7 Lite ilitoka 2021, na Tab A9 ikaifuata Oktoba 2023. Katika miaka miwili na zaidi, toleo la chini lilipanda kutoka gigabaiti 3 za kumbukumbu ya kazi hadi 4, na hifadhi kutoka 32 hadi 64. Ni nafuu inayoonekana, hasa hiyo hifadhi, lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben anayetaka kusoma PDF na kuandika kazi yake ya mwisho hana sababu ya kupoteza muhula mzima akiingojea.

Wengine hungoja bei ishuke. Zamani ilikuwa busara, na hata Mei 2024 Apple ilipotangaza iPad mpya iliipunguzia ile ya kizazi cha kumi hadi dola 349. Lakini punguzo hilo la California halifiki Butembo siku hiyo hiyo, kwa sababu mfanyabiashara aliyejaza kontena kwa bei ya jana hawezi kuuza kwa bei ya leo akabaki na mtaji. Tena tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vimegeukia kuhudumia mashine za akili bandia. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kabisa biashara yake ya kumbukumbu za kuwauzia watu wa kawaida. Anayengoja bei ishuke huenda akakutana nayo ikipanda.

Kwa maoni yangu, basi, swali la kuuliza kaunta si kama ungoje. Uliza hii inayoitwa mpya ina umri gani. Kifaa kilichokaa miaka miwili kati ya kiwanda, bandari na rafu kimeshazeeka bila kuguswa na mtu.

Cha kwanza kuzeeka ni betri. Betri ya lithiamu hupungua hata ikiwa ndani ya boksi. Ikiwekwa imejaa kabisa katika joto la nyuzi 25, kwa mwaka inaweza kupoteza karibu asilimia 20 ya uwezo wake. Ikiwekwa na chaji ya asilimia 40, hupoteza kama 4 tu. (Hapa mlima unatusaidia: Butembo iko juu ya meta 1,700, na baridi yake inatunza betri kuliko joto la Kinshasa.) Ila betri iliyosahaulika hadi ikaisha kabisa ina hatari nyingine. Volti zikishuka sana, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji baadaye shaba hiyo huganda mahali pasipostahili. Tableti inayotolewa kwenye boksi ikakataa kuwaka mpaka ichajiwe nusu saa, mimi ningemrudishia mwenyewe.

Cha pili ni programu. Iwashe, fungua «Paramètres», kisha «À propos de la tablette», utafute tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Tarehe ya miaka mitatu iliyopita ni ishara kwamba mtengenezaji huenda ameshaisahau. Hapo hapo usiamini boksi likiandika gigabaiti 16 za kumbukumbu. Tableti za majina yasiyojulikana hujumlisha kumbukumbu halisi na sehemu ya hifadhi inayoigiza kazi hiyo, na nyingine huandika namba ya Android ambayo hazina. Tundu la kuchajia nalo halidanganyi: likiwa lile la zamani lenye upande wa juu na wa chini, badala ya USB-C, umbo lake ni la miaka mingi nyuma.

Kuna tarehe moja tu ambayo ningekubali kungoja toleo lililotoka baada yake. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na tableti mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya sharti betri zake zihimili mizunguko 800 ya kuchaji zikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo, na masasisho yatolewe kwa miaka isiyopungua mitano baada ya toleo hilo kuondolewa sokoni. Sheria hiyo haimlindi mtu wa Beni. Hata hivyo kampuni kubwa hazipendi kutengeneza betri mbili za toleo moja, kwa hiyo kati ya toleo la 2023 na la baada ya tarehe hiyo, la pili linastahili dola 20 au 30 za ziada.

Kwa mtu wa Kirumba hesabu inabadilika tena. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Juni 2024, wengi wamekimbia, na barabara ya kwenda Butembo ilikatwa na mstari wa vita. Dhamana ya miezi sita haina maana kwa mtu asiyeweza kurudi dukani. Yeye achague toleo ambalo majirani wengi wanalo, hata kama ni la mwaka juzi, ili fundi wa karibu awe na kioo chake kwenye droo, na ahakikishe lina nafasi ya simkadi, maana Wi-Fi haipatikani kila mahali. Achague pia lenye betri isiyo kubwa mno. Pano ndogo ya jua, siku ya mawingu, huenda ikamaliza kuchaji miliampea-saa 5,000 kabla ya giza. Zile 10,000 zitalala nusu.