Kuanguka kwa Hesabu: Mizani ya Kuhakiki Vichekesho Vifupi vya Sinema ya Kale

Ni ada ya wahakiki wengi, wapewapo kazi ya kueleza picha ya sinema yenye msiba na majonzi, kuijazia kurasa kwa maneno mazito, lakini wafikapo kwenye kichekesho kifupi ambamo mtu huteleza, hugongwa na ubao, akaanguka chali, huona yatosha kusema kwamba kinachekesha au hakichekeshi, kisha wakaweka kalamu chini. Ada hiyo ni dhuluma kwa sanaa iliyo miongoni mwa sanaa ngumu kabisa za sinema. Kicheko ni shahidi kwamba kazi imefaulu, lakini shahidi huyo hasemi imefaulu kwa njia gani. Na mhakiki asiyeweza kutueleza kwa nini anguko la huyu hutuvunja mbavu na anguko la yule hutuacha tumenuna bado hajaianza kazi yake. Mimi nashikilia kwamba anguko zuri ni hoja iliyotimia, yenye chanzo, mwendo na natija, na kwamba wajibu wa mhakiki ni kuifuata hoja hiyo hatua kwa hatua, kama vile angeifuata hoja ya mwandishi wa falsafa.

Asili ya jambo hili yaonekana katika filamu mojawapo ya zile zilizoonyeshwa na ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, katika onyesho lao la kwanza la kulipiwa kiingilio. Mtunza bustani anamwagilia maji. Mtoto mtundu anakuja nyuma yake na kuukanyaga mpira, maji yanakatika. Mzee anaugeuza mdomo wa mpira usoni pake apate kuutazama. Mtoto anaondoa mguu, na maji yanamrukia mzee wa watu. Mchezo wote haudumu hata dakika moja, lakini kanuni kuu ya fani imo ndani yake, nayo ni kwamba mtazamaji aione sababu ambayo mwathiriwa haioni. Tungeonyeshwa mzee akirowa pasipo kuuona ule mguu juu ya mpira, tungeshangaa tu. Kicheko chetu kinazaliwa katika ile nafasi iliyopo baina ya ujuzi wetu na ghafula yake yeye.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni sababu, na sijui mfano wake bora kuliko One Week, filamu ya Buster Keaton iliyotolewa Marekani mwezi wa Septemba 1920. Keaton alizaliwa mwaka 1895 huko Piqua, katika jimbo la Kansas, kwa wazazi waliokuwa wasanii wa jukwaani, ambao walimtia katika mchezo wao angali mtoto mdogo. Babake alikuwa akimrusha huku na huko mbele ya hadhara, na mgongoni mwa vazi lake ulishonwa mshikio kama wa sanduku la safari ili arushike kwa wepesi. Katika chuo hicho kikali alijifunza namna ya kuanguka bila ya kuvunjika, na akatambua kwamba hadhira hucheka zaidi iwapo mwenye kuanguka hacheki, na uso mkavu ukaja kuwa alama ya usanii wake.

Katika filamu hiyo, aliyoiongoza pamoja na Edward Cline, bwana arusi na bibi arusi wanapewa hidaya ya kiwanja pamoja na nyumba iliyomo masandukuni, kila sanduku na namba yake, ili mwenyewe aiunge kwa kufuata maelezo. Mwanamume mmoja aliyekataliwa na bibi arusi anakuja kwa siri na kuzibadilisha namba. Fitina ni hiyo moja, wala haiongezwi nyingine, na katika hiyo yanatoka maafa yote yanayofuata siku baada ya siku, huku karatasi za kalenda zikichanwa mbele yetu: kuta zinapinda, na mlango wa ghorofani unafunguka kwenye hewa tupu. Siku ya Ijumaa, tarehe 13, wanakaribisha wageni, na tufani inapopiga nyumba nzima inazunguka na kuwatema wageni nje mmoja mmoja. Kisha wanaambiwa kwamba wamejenga katika kiwanja kisicho chao, kwa kuwa kibao cha namba kilikuwa kimepinduka, 66 na 99 zikachanganywa. Hapo mhakiki asimame na kustaajabu, maana msiba ulioanza kwa namba zilizobadilishwa na mwenye hila unarudi kwa namba iliyopinduka yenyewe, na hoja inajifunga bila ya mtu yeyote kulazimisha.

Basi nyumba yafaa ivutwe hadi ng'ambo ya reli, nayo inakwama katikati ya njia. Gari moshi linakuja kwa kasi. Mume na mke wanajitenga na kufumba macho. Gari moshi linapita kando, kwa kuwa lilikuwa katika njia ya pili, ambayo kamera iliwekwa mahali pa kutuficha tusiitambue. Tunashusha pumzi pamoja nao, na katika pumzi ile ile gari moshi jingine linatokea upande wa pili na kuivunja nyumba vipande vipande. Keaton anasimamisha kibao cha kuuza, anaambatisha yale maelezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono, wanakwenda zao. Mfundi wa kawaida angetosheka na gari moshi la kwanza. Keaton alijua kwamba mtazamaji amekwisha kulihesabu, akampa kwanza afueni asiyoitazamia, na baada ya afueni ndipo akampa lile alilokuwa ameanza kuliogopa.

Kipimo cha pili ni mahali, na kwa neno hili nakusudia uaminifu wa picha kwa mwili wa mwigizaji. Katika One Week ukuta mzima wa mbele unamwangukia Keaton, naye anabaki amesimama salama kwa sababu alikuwa mahali palipokuja uwazi wa dirisha. Jambo hilo alilirudia kwa ukubwa zaidi na kwa hatari ya kutisha katika filamu ndefu ya Steamboat Bill, Jr., ya mwaka 1928. Kamera inasimama mbali kiasi cha kutuonyesha ukuta wote na mtu mzima tangu utosini hadi unyayoni, wala picha haikatwi katikati ya tendo. Ingekatwa, tukaonyeshwa ukuta unaoinama, kisha uso wenye hofu, kisha vumbi, tungejua moyoni kwamba hapakutendeka kitu. Kwa hiyo mhakiki aulize daima: je, nimeuona mwili mzima, ardhi anayoiangukia, na kitu kinachomwangusha, vyote kwa pamoja? Filamu inayoficha mojawapo ya hivyo haina budi kuwa na sababu njema ya kuficha, kama ile ya njia ya pili ya reli.

Kipimo cha tatu ni wakati, na hapa nawaleta Stan Laurel, Mwingereza wa Ulverston, na Oliver Hardy, Mmarekani wa jimbo la Georgia, katika The Music Box ya mwaka 1932, filamu ya Hal Roach iliyoongozwa na James Parrott na kupata tuzo ya Oscar katika mwaka wa kwanza ambao vichekesho vifupi vilitengewa tuzo yao. Watu wawili wanapewa kazi ya kupeleka kinanda kwenye nyumba iliyo juu ya kilima, na baina yao na nyumba ipo ngazi ndefu ya vidato vipatavyo 130, ambayo hata leo ingaliko katika mtaa wa Silver Lake, mjini Los Angeles. Kinanda kinapanda, kinashuka; kinapanda, yaya mwenye kigari cha mtoto anataka kupita, kinashuka; kinapanda, polisi anawaita, kinashuka kikimburura Hardy nyuma yake. Kinapofika juu kwa taabu kubwa, tarishi wa posta anawaonyesha barabara ya magari inayozunguka kilima, na hawa waja, kwa utiifu wa ajabu, wanakiteremsha tena ngazi yote ili wakipandishe kwa gari lao la farasi.

Mtu akisimulia hivi huonekana kana kwamba anasimulia jambo moja lililorudiwa mpaka likachusha. Lakini ustadi umo katika urudiaji wenyewe, kwa maana kila safari ngazi inakuwa nzito zaidi katika nyoyo zetu, na kila mara kishindo cha kuporomoka kinachelewa kidogo kuliko tulivyotazamia au kinawahi kidogo. Wakati huo sinema ilikwisha kupata sauti, nao waliitumia kwa hekima: mlio wa nyaya za kinanda zikigongana ndani ya sanduku hutuambia habari za anguko hata kabla jicho halijalifikia. Sisemi kwamba filamu hii haina upungufu. Waingiapo ndani ya nyumba, ule mstari mmoja wa ngazi uliowatia adabu unakatika, vitu vinavunjika kwa wingi pasipo kanuni, na kichekesho kinapoteza kitu, mpaka mwenye nyumba atokee na shoka kukikatakata kinanda, kisha wimbo wa taifa uanze kujipiga kutoka ndani yake, na wote watatu wasimame wima na kutoa heshima. Katika tukio hilo moja sababu na wakati vinakutana tena.

Mintarafu ya wakati, liko pia jambo la mitambo ambalo mhakiki wa picha bubu hana ruhusa ya kulipuuza. Mkanda mmoja wa kawaida ulikuwa wa futi 1,000, na kila futi ina picha 16. Ukionyeshwa kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde hudumu takribani dakika 17. Ukionyeshwa kwa picha 24, mwendo uliokuja kuwa kanuni baada ya sauti kuingia, humalizika kwa dakika 11 tu. Kamera za awali zilizungushwa kwa mkono, na wapiga picha wa vichekesho aghalabu walizungusha polepole makusudi ili watu waonekane wepesi. Lakini wepesi uliokusudiwa na msanii ni mbali na ule ulioongezwa baadaye na mtambo usio wake. Vizazi kadhaa viliona mikanda hiyo ikikimbizwa kupita kiasi, vikaamini kwamba babu zetu walichekeshwa na watu wanaotapatapa bila mpango. Kabla ya kuhukumu, basi, tazama jinsi watu wanavyotembea katika nyakati za utulivu. Wakitembea kwa kurukaruka hata pale wasipokuwa na haraka, nakala unayoitazama ina kasoro, nayo hukumu yako haitakuwa ya haki.

Kipimo cha nne, ambacho kwangu ndicho kikubwa, ni hadhi ya aangukaye na cheo cha amwangushaye. Hardy hutuchekesha kwa kuwa ni muungwana kupindukia: huchezea ncha ya tai yake, humtangulia mwenzake kwa taadhima, na balaa limpatapo hutugeukia sisi watazamaji kwa jicho la mtu anayeomba mashahidi. Anguko lake lina uzito kwa sababu alikuwa na mahali pa kuanguka kutoka. Kadhalika Charlie Chaplin, katika Easy Street ya mwaka 1917, ni mtu mdogo aliyevaa sare ya polisi iliyomzidi cheo, akikabiliana na jitu ambalo mtaa mzima unaliogopa. Jitu hilo linapoinamisha nguzo ya taa ya barabarani kuonyesha nguvu zake, Chaplin hukidaka kichwa cha jitu na kukiingiza ndani ya taa, akafungulia gesi. Mnyonge amemshinda mwenye nguvu kwa akili, na kicheko chetu kina shukrani ndani yake.

Kinyume cha hayo nacho kipo, na sharti kisemwe wazi. Katika vichekesho vingi vya zama zile waigizaji weupe walijipaka masizi wakaigiza watu weusi kuwa waoga na wapumbavu, na wageni wa kila taifa walifanyiwa kebehi kwa sura na lafudhi zao. Msomaji wetu asiambiwe kwamba hayo ni mambo madogo ya wakati wake. Mizani ninayoieleza yatosha kuyahukumu: mtu aliyeingizwa katika picha akiwa amekwisha kunyang'anywa hadhi hana pa kuanguka, hivyo anguko lake halina hoja, na kicheko kinachotafutwa kwake ni dhihaka tupu. Uovu wa mchezo huo na udhaifu wake wa kisanaa vinatoka katika chemchemi moja, na mhakiki aliyesema la kwanza bila ya kusema la pili ameacha nusu ya kazi.

Kwa atakaye kujizoeza uhakiki huu, nashauri aitazame filamu mara ya kwanza pamoja na watu wengine, acheke kwa moyo wake wote pasipo kuandika neno, kwa kuwa asiyecheka hana haki ya kueleza kicheko. Mara ya pili aitazame peke yake, ainyamazishe sauti ikiwa inayo, na kila anguko aandike sababu yake ilionekana lini, mwili ulionyeshwa kwa kiasi gani, tendo lilicheleweshwa au liliwahishwa, na aliyeangushwa alikuwa nani. One Week hupatikana kwa wepesi katika intaneti, na urefu wake haufiki nusu saa. Aanze na hiyo. Akiisha kuijaza karatasi yake ataona kwamba Keaton hakuacha hata ubao mmoja uanguke bila ya sababu, na kuanzia hapo hatakubali tena kusoma, wala kuandika, kwamba kichekesho fulani kinachekesha tu.