Bodaboda za umeme Uganda: Nani aamue umbo la betri?

Katika vichochoro vya Kyebando, kitongoji cha tarafa ya Kawempe kaskazini mwa jiji la Kampala, bodaboda ndiyo usafiri wa kwanza na mara nyingi wa pekee. Taksi hukomea barabara kubwa. Anayetaka kufika mlangoni kwake, au kupandisha mkungu wa matoke kutoka soko la Kalerwe, huita pikipiki. Katika miaka ya karibuni baadhi ya pikipiki za Kampala zimeacha kunguruma, kwa kuwa zinaendeshwa kwa umeme. Mwendeshaji wake haendi kwenye pampu ya petroli bali kwenye kabati la betri. Huchomoa betri iliyokwisha, huchomeka iliyojaa, hulipa na kuondoka baada ya dakika chache.

Urahisi huo una sharti: kwa kawaida kabati hilo liwe la kampuni ileile iliyomuuzia au kumkodisha pikipiki. Betri ya kampuni nyingine haimfai hata ikiwa mbele ya macho yake. Huenda ni pana kuliko nafasi iliyoachwa chini ya kiti, huenda pini za plagi yake zimepangwa vingine, na hata vipimo vyote vikilingana, huenda pikipiki ikakataa kuitambua. Mwenziwe wa petroli hajawahi kuifikiria shida hiyo, kwa sababu petroli ya kituo chochote huingia katika tangi lolote.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi inayozikabili sasa nchi za Afrika Mashariki, yaani kuandika viwango vya vyombo vya umeme wakati vyombo vyenyewe vimekwisha kuingia barabarani.

Kiwango ni makubaliano yaliyoandikwa kuhusu namna kitu kinavyopaswa kuwa: ukubwa wake, uimara wake, namna ya kukipima na nani awajibike kisipofaa. Nchini Uganda kazi hiyo ni ya Shirika la Taifa la Viwango, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na lenye makao yake Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Shirika hukusanya kamati ya kiufundi ya watengenezaji, wahandisi, wanataaluma wa vyuo vikuu, maofisa wa serikali na wawakilishi wa walaji. Kamati huandaa rasimu, wananchi hupewa muda wa kutoa maoni, kisha Baraza la Viwango la Taifa huidhinisha. Kiwango kilichoidhinishwa huanza kikiwa cha hiari, na huwa cha lazima pale tu waziri anayehusika na biashara anapokitangaza hivyo katika Gazeti Rasmi. Ni hatua ya mwisho, lakini ndiyo yenye meno. Kabla yake, mwagizaji wa betri hafifu hajavunja sheria ya viwango.

Hakuna nchi inayoinukia kiuchumi inayoanza kazi hii na karatasi tupu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, zina maandiko yaliyokomaa. IEC 61851 inaeleza mifumo ya kuchaji, IEC 62196 inaeleza plagi na soketi, na ISO 6469 inahusu usalama wa magari ya umeme. Kuyachukua maandiko hayo na kuyafanya ya taifa ni njia ya gharama nafuu. Aidha, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu vikwazo vya kiufundi unawataka wanachama, Uganda ikiwemo, watumie viwango vya kimataifa kama msingi pale vilipo na vinapofaa.

Hata hivyo, kuchukua si sawa na kuchagua. Kwa kuchaji gari kwa kasi, dunia haijakubaliana juu ya plagi moja. Ulaya ina CCS, Japani ina CHAdeMO, China ina GB/T, na Marekani inaelekea kwenye plagi iliyoanzishwa na Tesla. Uganda huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, na wakati huohuo soko la magari mapya ya umeme duniani limeshikwa na China. Nchi isiyoamua mapema inaweza kujikuta na vituo vya kuchaji vya kila namna, na dereva anayezunguka mji akitafuta soketi inayolingana na gari lake. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, na kwa kuwa mengi ya umeme yanayoingia huko yanatoka China, swali la plagi limeanza kujibiwa na meli zinazoshusha mizigo kabla ya kujibiwa na kamati.

Uganda yenyewe si mgeni katika uundaji. Gari la Kiira EV, lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, lilionyeshwa Novemba 2011. Basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu ya jua likafuata Februari 2016, na Shirika la Magari la Kiira likajenga kiwanda chake Jinja. Vyombo hivyo vilithibitisha kwamba gari la umeme linaweza kuundwa nchini. Kiwango hujibu swali jingine, lisilo na shangwe: je, gari la elfu moja litakuwa salama kama lile la kwanza lililoshangiliwa?

Chini ya kiti

Kwa Kyebando, basi na gari dogo si habari kubwa. Habari ni pikipiki, na hapo ndipo maandiko ya kimataifa yanapoanza kupwaya. Yapo: kanuni namba 136 ya Umoja wa Mataifa inahusu usalama wa pikipiki za umeme, na ISO 18243 ya mwaka 2017 inaeleza namna ya kupima betri zake za lithiamu. Betri hutikiswa, hupitishwa katika joto na baridi kwa kupokezana, huchajiwa kupita kiasi na husababishiwa shoti kwa makusudi. Ile inayoweza kuchomolewa huangushwa sakafuni kutoka kimo cha mita moja. Jaribio hilo ni la busara, kwani mtu anayechomoa betri mara kadhaa kwa siku ataiangusha siku moja.

Lakini mpimaji aliyeko maabara ya mbali hana budi kuambiwa jinsi bodaboda inavyoishi. Hubeba abiria wawili au watatu, pengine na kreti za soda juu yao. Hupita katika mashimo na tope mwaka mzima na hukatiza maji ya mvua yanayofurika mabondeni. Usiku, iwapo betri ni mali ya mwendeshaji, huenda ikalala na kuchajiwa ndani ya muzigo, kile chumba cha kupanga ambamo familia nzima hupika, hula na kulala. Betri ikishika moto humo, hakuna mlango wa pili wa kutokea.

India ilijifunza somo hilo kwa njia ngumu. Mwaka 2022 skuta kadhaa za umeme zilishika moto, na watu walipoteza maisha. Serikali ilirekebisha kiwango chake cha betri, AIS 156, na kukianzisha kwa awamu mbili, Desemba 2022 na mwishoni mwa Machi 2023. Miongoni mwa mambo yaliyoongezwa ni kwamba seli moja ikipata shoti ndani, joto lake lisisambae hadi kuteketeza betri nzima. Kanuni hiyo ilikuja baada ya mazishi, na Afrika Mashariki ina nafasi ya kutosubiri hilo.

Lita ni lita, je chaji?

Kuhusu usalama, wenye kampuni na wenye mamlaka hawagombani sana. Mgogoro uko kwenye kulingana, yaani betri ya mmoja kuingia katika pikipiki ya mwingine.

Kampuni zina hoja. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika pikipiki, na kampuni nyingi huibakiza kuwa mali yao ili mwendeshaji alipie matumizi tu. Betri ya kampuni moja ikitumiwa katika chombo cha nyingine, nani atalipa ikiungua? Nani atajua imechajiwa mara ngapi? Tena teknolojia ingali inabadilika, na kuifunga leo katika umbo moja ni kuzuia umbo bora la kesho.

Hoja hizo ni za kweli, ila uzito wake haulingani na wa upande wa pili. Kampuni ikifunga makabati yake hupoteza mtaji. Mwendeshaji wake hubaki na pikipiki isiyo na chakula, huku pengine mkopo wa kuinunua ungali unadaiwa kila wiki. Kampuni nayo ikipandisha bei ya kubadilisha betri, hana pengine pa kwenda.

Kwamba washindani wanaweza kukubaliana si ndoto. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki za Japani zilikubaliana juu ya betri moja ya kubadilishana. Huko India, taasisi ya serikali ya NITI Aayog ilitoa rasimu ya sera ya kubadilisha betri mwaka 2022, nayo ikasisitiza kulingana. Kenya ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri mwaka 2023 kupitia mamlaka yake ya nishati, EPRA. Ipo pia njia ya kati ambayo wahandisi huipendekeza: kuacha umbo la ndani kwa mtengenezaji, na kusawazisha mambo matatu tu, yaani volti, plagi, na lugha ambayo betri hutumia kuzungumza na pikipiki.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. UNBS hukagua mizani ya sokoni na pampu za petroli ili lita inayolipiwa iwe lita kweli. Betri ni kitu kigumu zaidi kukipima. Kadiri inavyozeeka, huendelea kuonyesha mia kwa mia kwenye kioo huku ikihifadhi umeme mdogo kuliko ilipokuwa mpya. Waendeshaji wawili wanaweza kulipa bei moja kwenye kabati moja, mmoja akafika Entebbe na mwingine akasukuma pikipiki njiani. Kiwango kinachofaa kingesema uzima wa betri upimweje, uonyeshwe wapi, na ukishuka kiasi gani betri iondolewe kabatini.

Haya yote yanahitaji maabara. Kiwango kisicho na mtambo wa kukipimia hubaki karatasi, na kutuma betri ng'ambo ili ziharibiwe kwa majaribio ni gharama ambayo karakana ndogo ya Kampala haiwezi kuibeba, ingawa mwagizaji mkubwa anaiweza. Kwa hiyo kanuni kali isiyoambatana na maabara ya karibu inaweza kuwaondoa sokoni wabunifu wa ndani na kuwaachia wageni.

Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapoingia. Sheria yake ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji inaruhusu kiwango kimoja kutumika katika nchi wanachama, ambazo tangu mwaka 2022 ni pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Cheti kilichotolewa Nairobi kikiheshimiwa Kampala na Goma, maabara moja inaweza kuhudumia kanda nzima. Muda nao hausubiri: tangu Januari 2025 Rwanda husajili pikipiki za umeme pekee kwa biashara ya kubeba abiria mjini Kigali.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na petroli yote ya Uganda bado huagizwa kutoka nje. Mnamo Januari 2022 foleni za malori kwenye mipaka ya Malaba na Busia zilitosha kufanya petroli iadimike Kampala.

Rasimu za viwango hutolewa kwa maoni ya umma, na sheria haimtaki mtoa maoni awe mhandisi. Huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na maandiko mengi ya kimataifa yanayotajwa ndani yake huuzwa kwa fedha za kigeni. Chama cha waendeshaji wa steji kinachotaka kusema neno kuhusu betri kitahitaji kwanza mtu wa kukisomea rasimu hiyo kwa Kiganda au Kiswahili, kabla siku za maoni hazijakwisha.