Siga Nzuri Hupimwa Moto Kabla ya Ladha

Mwonjaji hodari wa siga haanzi na kiberiti, huanza na vidole. Akikabidhiwa Cohiba Robusto, siga ya Kuba yenye urefu wa milimita 124 na unene wa karibu milimita 20, huibonyeza taratibu kutoka ncha hadi ncha. Akikuta bonge gumu, anajua majani yamebanana na moshi utapita kwa shida. Akikuta pamelegea, anatarajia siga itakayoungua upesi na kuchoma ulimi. Wanaoanza kujifunza hukimbilia kutaja ladha, lakini jani bora kuliko yote haliwezi kujitetea likisokotwa vibaya.

Siga iliyosokotwa kwa mkono ina jani la nje, jani la kufungia na majani ya ndani. Jani la nje ndilo ghali zaidi. Katika mashamba ya Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, miche yake hukuzwa chini ya vitambaa vinavyopunguza jua, ili jani liwe jembamba, laini na lisilo na mabaka.

Utamu wa kazi, hata hivyo, uko ndani. Wakuba huyagawa majani kufuatana na mahali yalipoota kwenye mmea. Volado, ya chini, haina ladha kubwa lakini hushika moto vizuri. Seco, ya katikati, huleta harufu. Ligero, ya juu, hupigwa na jua kuliko yote. Ni nene, ina nguvu, nayo huungua polepole. Ndiyo maana msokotaji huilaza ligero katikati kabisa, izungukwe na majani yanayoungua kwa urahisi. Ikikaa pembeni, upande mmoja wa siga hubaki nyuma huku mwingine ukiteketea. Kwa hiyo mwonjaji anayekodolea macho mstari wa moto anasoma kazi ya mkono wa mtu, na hapo ndipo hukumu ya kweli inapoanzia.

Kabla ya kusokotwa, majani hulundikwa yakiwa na unyevu hadi yapate joto na kuchachuka, na amonia itoke. Seco na ligero za Cohiba hurudishwa kuchachuka mara ya tatu, ndani ya mapipa. Harufu kali ya amonia inayopanda puani ni dalili kwamba tumbaku haijaiva.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Siga huzungushwa juu ya mwali bila kuugusa, mpaka ncha nzima iwe nyekundu. Kiberiti cha petroli hakifai, kwani harufu yake huingia kwenye jani. Baada ya hapo, pumzi moja kwa dakika inatosha. Anayevuta harakaharaka huipandisha joto, na uchungu atakaousikia ameutengeneza mwenyewe.

Moshi wa siga huzungushwa mdomoni, haumezwi. Tofauti na moshi wa sigara za kawaida, huu una ualkali, hivyo nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo bila kufika mapafuni. Watu wengi hudhani kutomeza ni kinga. Si kinga: saratani za mdomo, koo na umio huwapata wavuta siga pia, na siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayokaribia ile ya pakiti nzima ya sigara. Mwandishi yeyote anayeisifu siga bila kulisema hili anamdhulumu msomaji.

Waonjaji huigawa siga katika theluthi tatu. Ya kwanza mara nyingi ni nyepesi. Pengine utasikia mti wa mwerezi au kahawa. Ya pili ndiyo yenye maelezo mengi: ngozi, kakao, asali, pilipili manga. Katika ya mwisho lami na nikotini hukusanyika, nguvu huzidi, na siga iliyosokotwa vizuri hujulikana kwa kubaki na ladha bila kugeuka chungu. Siga isiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, hata ikiwa tamu, haistahili alama za juu.

Jarida la Marekani la Cigar Aficionado, lililoanza mwaka 1992, hutoa alama kwa 100, na waonjaji wake hupewa siga zilizovuliwa pete za karatasi zenye jina. Ni utaratibu wa haki, maana jina la Havana peke yake huwafanya wengi wasikie ladha zisizokuwepo. Afrika nayo hunufaika hapo. Jani la nje la Kameruni, lenye vipele vidogo vinavyosikika kwa kidole na utamu uliochanganyika na pilipili, linaheshimiwa na mabingwa. Kampuni ya Arturo Fuente ya Jamhuri ya Dominika hulitumia kuvisha siga zake za Hemingway. Mbele ya mwonjaji asiyeona pete, jani hilo hushindana na la Pinar del Río kwa usawa.