Jumapili kwaya, Jumatatu 'cha juu'!

MPENZI msomaji, hebu niambie ukweli, hapa tuko wawili tu. Umewahi kuimba kanisani mpaka machozi yakakutoka, halafu kesho yake saa tatu asubuhi ukamwibia mtu? Usinikasirikie kwa swali hilo. Mimi nimewahi. Tena si mara moja.

Nauza duka la vifaa vya ujenzi huku Buguruni. Saruji, nondo, misumari, mabomba na makorokoro yote ambayo mtu anayejenga hawezi kuyakwepa. Duka si langu, mimi ni kijana wa kaunta tu, mshahara laki moja na nusu kwa mwezi. Jumapili naimba sauti ya tatu kwaya ya vijana, sare ninayo, na safari za mikoani nimo. Ungeniuliza kama nimempa Mungu maisha yangu ningekujibu ndiyo kabla hujamaliza swali.

Sasa sikia dili lenyewe. Fundi katumwa vifaa na mwenye nyumba. Anafika, anaegemea kaunta, anashusha sauti. "Dogo, saruji shilingi ngapi leo?" Unamtajia. "Kwenye risiti ongeza elfu moja kila mfuko." Unaongeza. Mifuko 20, hapo kuna elfu ishirini za hewa! Fundi anachukua kumi na nne, wewe mwenye kalamu unaachiwa sita. Tajiri wa duka hapotezi hata senti, pesa yake imeingia yote kama ilivyo, ndiyo maana mtu unalala usingizi wako vizuri. Mtaani hakuna anayeuita wizi. Tunaita cha juu. Na kitu kikishapewa jina zuri, si unajua tena, hata dhamiri inakisalimia.

Nilikula cha juu karibu mwaka mzima. Na mahubiri niliyasikia mengi tu, hayakunipata. Aliyenipata ni mama mmoja mjane wa hapo hapo kanisani kwetu, anauza chapati na supu, anajenga vyumba viwili Chanika kidogo kidogo. Jumapili moja baada ya ibada alinishika mkono mbele za watu huku anacheka.

"Mwanangu, fundi wangu nimemwambia asihangaike kwingine, aende kwenye lile duka la mtoto wetu wa kwaya. Pale siibiwi."

Nikajibu, "Amina mama."

Mpaka leo sijui ile amina ilitokea wapi.

Jumatatu nilifika dukani mapema, nikafungua kitabu cha risiti, nikatafuta nakala za yule fundi. Alikuja mara tatu. Nikajumlisha hewa yote: elfu tisini na nne. Fungu langu mimi lilikuwa elfu ishirini na nane, nalo lilishaliwa zamani, sehemu viatu, sehemu chipsi mayai.

Jioni nikampigia simu bibi yangu Bukoba. Bibi ni mlokole wa zamani. Najua sisi vijana wa mjini tukisikia mlokole tunamwona mtu wa sketi ndefu asiyekwenda disko, basi, tunacheka. Lakini wale watu walianza na kitu kizito. Mwaka 1929 kule Kampala, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakakaa kusoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, mwaka 1937 ukafika Kenya, na huku kwetu ukapitia Bukoba. Jina lenyewe ni la Kiganda, balokole, maana yake waliookoka. Kilichowashangaza majirani zao ni kwamba mtu akishaokoka alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuungama na kurudisha alivyoiba! Baba yake bibi, kwa mfano, alikuwa anatia mawe kwenye magunia ya kahawa ili yazidi uzito. Alipookoka alimfuata mnunuzi akamwambia. Bibi anasema mwaka ule nyumbani walikula ndizi na chumvi.

Nilimweleza bibi habari yangu yote, nikamalizia kwamba nimeshatubu, nimepiga magoti. Kimya kidogo. Halafu akasema:

"Mjukuu wangu, huyo mama umeshamwambia, au umemwambia Mungu tu?"

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Maana kumwambia Mungu ni rahisi, bwana, hauzi chapati. Nikafungua Luka 19, habari za Zakayo mtoza ushuru. Wengi tunamkumbuka kwa ufupi wake na ule mti aliopanda. Mimi siku hiyo nilikuwa natafuta hesabu. Nusu ya mali aliahidi kuwapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Nikapiga: mara nne ya elfu ishirini na nane ni laki moja na elfu kumi na mbili. Mara nne ya zote tisini na nne ni laki tatu na elfu sabini na sita, mshahara wa miezi miwili na nusu, na kodi ya geto inanisubiri. Jasho likanitoka. Nikaanza kumtafutia Zakayo visingizio: alikuwa tajiri bwana yule, hana njaa kama yangu. Ndivyo tulivyo, tunampa Mungu maisha yote kwa wimbo, halafu kwenye elfu tano tunaomba muda wa kufikiria.

Nisieleweke vibaya, mikesha sina ugomvi nayo, naenda na nitaendelea kwenda. Ila nimeanza kusoma Biblia kwa jicho la kaunta. Paulo alipowaandikia Wakolosai wafanye kazi zao kwa moyo kama wanamfanyia Bwana, aliokuwa akiwaambia ni watumwa, watu wa kufagia na kubeba mizigo. Hakuwaambia wasubiri Jumapili. Na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kushona mahema.

Basi Jumatano jioni nikaenda kusimama mbele ya meza ya yule mama. Anasukuma chapati. Nikasema yote, mpaka lile la amina. Aliendelea kusukuma. Baadaye akauliza, "Hizo tisini na nne ni mifuko mingapi?" Nikamwambia kama sita hivi. "Sita," akasema. "Hiyo ningepigia sakafu ya chumba cha watoto." Nikasema nitarudisha zote, pamoja na za fundi, maana kalamu ilikuwa yangu. Za mara nne sikuzitaja, imani yangu haijafika huko. Akafuta mikono. "Kusamehe nitakusamehe, lakini leo nimeumia. Lete kidogo kidogo. Na mimi najenga kidogo kidogo."

Nalipa elfu tano kila Jumamosi.

Tajiri naye nilimwambia. Yeye ni Mwislamu, mtu wa swala tano. Alinitazama muda mrefu, akasema kaunta ni amana, na amana hata kwao ni dini. Akachukua kitabu cha risiti. Siku hizi kila risiti inapita kwake kabla ya kutoka. Hajanifukuza. Bado.

Alhamisi iliyopita yule fundi kaja tena na orodha ndefu, nyumba ya mtu mwingine Kinyerezi, mifuko 60. Akaegemea kaunta, akashusha sauti: "Vipi dogo, bado umeokoka?" Nikamtajia bei ya kweli, nikasema ndiyo hiyo hiyo nitakayoandika. Akakunja karatasi yake, akavuka barabara, akaingia duka la pili. Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama anavyovuka.