Mwalimu wa Muda Akishalalamikiwa, Haki Zake ni Zipi?

Kuanzia Mji Mkongwe mpaka Nungwi na Makunduchi, skuli nyingi za Unguja haziendi bila ya walimu ambao hawamo katika orodha ya kudumu. Mwalimu wa hesabu amekwenda likizo ya uzazi, wa Kiingereza yuko masomoni, skuli binafsi imeongeza madarasa kabla ya kupata walimu wa kutosha. Anatafutwa kijana aliyemaliza chuo, anapewa chaki na ratiba, anaitwa mwalimu wa muda au mwalimu wa kujitolea. Anasomesha, anasahihisha madaftari, anasimamia mitihani. Halafu siku moja mzazi anafika ofisini na malalamiko: mtoto wake amechapwa, ametukanwa mbele ya wenzake, au amenyimwa alama kwa chuki. Jioni ile ile mwalimu anapigiwa simu na kuambiwa kesho asije. Hakuna barua wala kikao, na mara nyingi hata lalamiko lenyewe hajasomewa.

Wengi wao hawaendi popote. Hujiambia kwamba hawakuwa waajiriwa hasa, kwamba mkataba wenyewe ulikuwa wa miezi michache, au haukuandikwa kabisa, kwa hiyo hakuna cha kudai. Hapo ndipo wanapojidhulumu wenyewe. Ufupi wa mkataba unaweza kupunguza fedha atakazolipwa mwalimu akishinda. Haumwondolei haki ya kuambiwa anatuhumiwa nini na kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Kwanza tujue tunasimama juu ya sheria gani, maana makosa mengi huanzia hapa. Masuala ya kazi si ya Muungano. Mwalimu wa Unguja aliyesoma kwenye simu yake kuhusu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania Bara, akapanda boti kwenda Dar es Salaam kufungua shauri, atarudishwa na nauli yake imekwisha. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo. Hiyo ya pili ndiyo iliyounda kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi, ambako shauri huanza kwa usuluhishi na, pasipopatikana suluhu, huenda kwenye uamuzi. Juu yake ipo Mahkama ya Kazi, ambayo ni divisheni ya Mahkama Kuu ya Zanzibar. Sheria za Bara hazitumiki hapa moja kwa moja. Lakini mawakili wa pande zote mbili za bahari husoma maamuzi ya wenzao, na nitazitaja pale zinapotupa kipimo kizuri cha hoja.

Swali la mwanzo atakaloulizwa mwalimu ni kama kweli alikuwa mwajiriwa. Skuli itasema alikuwa akijitolea tu, na kile alichopewa kila mwezi kilikuwa nauli. Jina ambalo skuli imempa mtu halimalizi hoja. Kinachotazamwa ni mambo yalivyokuwa: nani aliyempangia saa za kuingia na kutoka, alitumia vifaa vya nani, alilipwa kwa utaratibu gani, alikuwa sehemu ya safu ya walimu au mgeni wa kupita. Bara wameliandika jambo hili wazi katika Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka 2004. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata moja kati ya dalili zilizotajwa, na mojawapo ni kumfanyia kazi mtu huyo kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Chukua mwalimu wa vipindi vinne vya dakika 40 kwa siku. Kwa siku 20 za skuli katika mwezi, amesimama darasani saa 53, na hapo hatujahesabu madaftari aliyoyabeba kwenda nayo nyumbani. Ndiyo maana ratiba iliyobandikwa ukutani, kitabu cha mahudhurio ya walimu na ujumbe wa malipo kwenye simu vina uzito kuliko neno “kujitolea”. Asiye na mkataba wa maandishi huthibitisha ajira yake kwa vitu hivi.

Sasa lalamiko lenyewe. Lalamiko la mzazi ni taarifa inayotakiwa kuchunguzwa. Linaweza kuwa kweli tupu, linaweza kuwa nusu kweli, na linaweza kuwa hasira za mzazi ambaye mtoto wake amefeli. Mwalimu mkuu hawezi kujua ni lipi kati ya hayo kwa kusikiliza upande mmoja. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 12, inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahkama au chombo kingine kinachohusika. Misingi hii haikuanza na Katiba. Mwaka 1958 kamati ya polisi ya mji wa Brighton, Uingereza, ilimfukuza mkuu wa polisi wa mji huo, Charles Ridge, bila kumpa nafasi ya kujitetea, ingawa mahakama ilikuwa imemwachia huru katika kesi ya jinai. Mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema uamuzi ule ni batili. Kesi hiyo bado inasomwa katika vyuo vya sheria vya Afrika Mashariki, kwa sababu inaonyesha kwamba hata pale mwajiri anapodhani ana sababu nzuri, kumhukumu mtu ambaye hakusikilizwa kunauharibu uamuzi wenyewe.

Na kwa walimu hasa, kuna waraka ambao skuli nyingi haziujui. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, yalipitishwa Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, na tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Walimu Duniani. Sehemu yake inayohusu nidhamu inasema mwalimu aelezwe tuhuma kwa maandishi, auone ushahidi, apewe muda wa kujitayarisha, atetewe na mwakilishi amtakaye, apewe uamuzi na sababu zake kwa maandishi, kisha aweze kukata rufaa. Mapendekezo si sheria ya kumfunga mwajiri. Lakini mbele ya msuluhishi yanaeleza wazi skuli ya kistaarabu ingefanya nini, na skuli iliyomaliza kila kitu kwa simu ya jioni hubaki haina la kujibu.

Kikao cha haki hakihitaji fahari. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa Bara mwaka 2007 zinataka uchunguzi ufanyike kwanza, mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe angalau saa 48 za kujitayarisha, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Skuli yoyote ya Kikwajuni au Jambiani inaweza kufanya hivyo katika chumba cha walimu bila gharama hata senti moja. Anayesema hakuwa na muda wa kumsikiliza mwalimu anasema kwamba hakutaka.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Lalamiko linapohusu usalama wa mtoto, skuli ina wajibu wa kuchukua hatua siku ile ile, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2011 haitaki mchezo katika jambo hilo. Skuli inaweza kumweka mwalimu pembeni wakati uchunguzi unaendelea, na hilo ni sahihi. Kumweka mtu pembeni huku mshahara wake ukiendelea ni tofauti kabisa na kumfukuza. Mwalimu naye asimfuate mtoto wala mzazi nyumbani kwenda kuyamaliza, hata kama nia yake ni kuomba radhi, kwani kitendo hicho kitasomwa kama vitisho. Ikiwa tuhuma ni ya udhalilishaji, basi kuna njia mbili zinazokwenda sambamba, ya kazi na ya jinai, na anayehojiwa na polisi ana haki ya kuwa na wakili kabla ya kuandika maelezo. Asijibu tuhuma za namna hiyo kwa barua ndefu ya kwenda skuli kabla hajapata ushauri. Mengi ninayoyaandika hapa juu ya barua na suluhu ni kwa malalamiko ya kawaida ya darasani.

Katika malalamiko hayo ya kawaida, siku za mwanzo ndizo zinazoamua. Mwalimu aandike barua fupi kwa mwalimu mkuu, aya mbili zinatosha: nimeambiwa kwa simu tarehe fulani nisije kazini; naomba nipewe kwa maandishi tuhuma na sababu za uamuzi huo, na nafasi ya kujibu. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, au ipelekwe mbele ya shahidi. Asitukane, asitishie, na asieleze maisha yake yote. Ahifadhi ujumbe wa simu, mkataba, ratiba, maazimio ya kazi, na alama za mwanafunzi ikiwa lalamiko linahusu alama. Aandike majina ya walimu waliokuwepo siku hiyo kabla kumbukumbu hazijafifia.

Kuna mtego mmoja ambao umewaponza walimu wengi. Mwalimu huitwa kwa upole, akaambiwa aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari yake ili jina lake lisichafuke. Akishatia saini, skuli haikumfukuza tena, ameondoka mwenyewe. Usitie saini kitu chochote siku unayoitwa. Omba kwenda nacho nyumbani ukakisome.

Baada ya barua, mlango wa pili ni Kamisheni ya Kazi na kile kitengo cha migogoro. Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na atakayechelewa lazima aombe ruhusa na kueleza sababu. Mwalimu wa Unguja na asisubiri hata nusu ya siku hizo. Aende wiki ile ile aliyofukuzwa. Hakuna aliyewahi kuharibikiwa kwa kuwahi.

Na ataomba nini? Hapa pana ukweli ambao mawakili wengine hawausemi mapema. Mwalimu aliyeshika nafasi ya mwenzake kwa mkataba wa Januari hadi Juni, akafukuzwa Aprili, hana sababu kubwa ya kuomba kurudishwa kazini. Mwenye nafasi anakuja. Kipimo kizuri kimo katika uamuzi wa mahakama ya kazi ya Bara katika shauri la Good Samaritan, marejeo namba 165 ya mwaka 2011: mwajiri anayevunja mkataba wa muda maalumu bila haki hulipa mishahara ya muda uliobakia, kwa kuwa hiyo ndiyo hasara iliyotokana moja kwa moja na kitendo chake. Kwa mwalimu wetu, ni miezi miwili au kidogo zaidi. Ukimlipa wakili miaka miwili kwa ajili ya mishahara ya miezi miwili, umeshinda kesi na umepoteza fedha. Kwa hiyo usuluhishi, kwa rai yangu, ndiyo njia bora kwa wengi wao. Pale mwalimu anaweza kupata mishahara iliyobakia, michango yake ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar iliyokatwa na haikupelekwa, na barua ya utumishi inayotaja tarehe na masomo aliyosomesha bila neno baya. Hiyo barua mara nyingi ina thamani kuliko fedha, maana ndiyo itakayompatia skuli nyengine.

Hali ni tofauti kwa yule ambaye mkataba wake umefanywa upya mara nne au tano mfululizo. Huyo anaweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kuendelea, na madai yake yanavuka tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya mwisho. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 158 wa mwaka 1982 unazitaka nchi kuzuia mikataba ya muda isitumike kukwepa ulinzi wa wafanyakazi. Uganda na Kongo zimeuridhia, Tanzania bado, na ningependa kuona vyama vya walimu vikilisukuma jambo hili kwa nguvu zaidi.

Aliyeajiriwa na Serikali hufuata njia ya Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011, yenye taratibu zake za nidhamu na rufaa. Mwalimu mkuu wa skuli ya Serikali hana mamlaka ya kumfukuza mtumishi kwa mdomo, na asiwatishe watu kwamba anayo.

Kuhusu jina lililochafuliwa katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, kesi ya kashfa ipo lakini ni ndefu na ghali. Tena mzazi aliyelalamika kwa nia njema kwa mwalimu mkuu analindwa na sheria, hata kama amekosea. Aliye katika hatari zaidi ya kushitakiwa ni yule aliyejua ni uongo akausambaza. Ningeiacha njia hii iwe ya mwisho.

Mwalimu asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, alichokiasisi marehemu Profesa Haroub Othman na wenzake, kimekuwa kikitoa ushauri tangu miaka ya tisini, Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar nayo ipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 imewatambua wasaidizi wa sheria ambao wengine wanaishi katika shehia yako. Chama cha Walimu Zanzibar kipo pia. Jiunge ukiwa bado una kazi. Na ikiwa simu ile imekuja jana jioni, barua ya aya mbili iandike leo, ipeleke skuli kesho asubuhi, kisha uende Kamisheni ya Kazi na nakala yake yenye muhuri.