Mbuzi Dume Anapohasiwa: Homoni Hubadilika Vipi?

Leo tunamzungumzia mbuzi dume, na hasa yale yanayotokea ndani ya mwili wake akishahasiwa. Wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera wanajua kwamba maksai hunona na hana fujo. Lakini ni kwa nini? Na kwa nini maksai mwingine huendelea kupanda majike miezi mingi baadaye, hadi mwenye mbuzi akadhani kwamba aliyemhasi alimdanganya?

Korodani zina kazi mbili. Kwanza hutengeneza mbegu za kiume. Pili hutengeneza homoni iitwayo testosteroni. Homoni ni mjumbe: hutoka kwenye tezi, huingia katika damu na kupeleka amri sehemu nyingine za mwili. Testosteroni ndiyo inayomfanya beberu awe na shingo nene, apigane, ajikojolee ndevu, na atoe ile harufu inayokufikia kabla hujamwona mwenyewe. Harufu hiyo hutoka hasa kwenye tezi za ngozi kichwani, karibu na pembe. Si uchafu wa zizi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walieleza kwamba kemikali mojawapo katika harufu ya beberu huamsha sehemu ya ubongo wa jike inayoongoza homoni za uzazi.

Korodani nazo hazijiendeshi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayoziamrisha. Fikiria kisima cha mashine ya dizeli. Mzee aliye kwenye birika humpigia kelele kijana wa mashine: "Ongeza maji!" Birika likijaa, mzee hunyamaza. Vivyo hivyo testosteroni ikitosha katika damu, ubongo na pituitari hupunguza amri zao. Ukimhasi mbuzi, umeondoa mashine. Testosteroni hushuka upesi, kikabaki kiasi kidogo kitokacho kwenye tezi za adrenali zilizo karibu na figo. Lakini mzee bado anapiga kelele, tena zaidi ya kwanza, kwa kuwa birika halijai kamwe. Homoni za pituitari hupanda badala ya kushuka. Kwa hiyo anayesema maksai hana homoni anakosea.

Tukirudi kwa yule maksai anayepanda majike: beberu aliyekwisha kuonja kazi hiyo kabla ya kuhasiwa huweza kuendelea kwa miezi, wengine hata mwaka. Ubongo umezoea, ijapokuwa amri ya damu imekwisha. Hatatia mimba. Ila uangalie jambo moja. Akihasiwa kwa koleo la Burdizzo, linaloponda mishipa bila kupasua ngozi, mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki katika mirija kwa muda. Mtenge na majike kama wiki 6. Jike akipata mimba mwezi wa Agosti atazaa baada ya miezi 5, yaani Januari, kiangazi cha Jilaal kinapoanza, naye hana majani wala maziwa ya kumpa mwanawe. Hasara ya namna hiyo haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyepitia ukame wa 2020 hadi 2023.

Kuhusu mwili, beberu hujenga misuli haraka zaidi, lakini msimu wa kupandana hula kidogo na kukonda kwa kukimbizana. Maksai huweka mafuta, na nyama yake haina harufu kali. Ndiyo maana watu wa pwani wana neno lao, ndafu, kwa mbuzi aliyehasiwa akanoneshwa.

Sasa hatari. Uume wa mbuzi na ncha ya mfereji wa mkojo hukamilika kukua kwa msaada wa testosteroni. Mbuzi akihasiwa akiwa mchanga sana, ncha hiyo huweza kubaki imeshikamana na ngozi, na vijiwe vya mkojo vikapata mahali pa kukwama. Vijiwe huja zaidi mbuzi anapolishwa nafaka nyingi na kunywa maji machache, na hivyo ndivyo wengi wanavyomnonesha mbuzi wa kupeleka sokoni Garissa. Ukimwona maksai anajikamua, anatikisa mkia, anasaga meno, na mkojo unatoka matone matone au hautoki kabisa, usidhani amefunga choo. Kibofu kinaweza kupasuka, na hapo umempoteza. Mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Mpe maji ya kutosha kila siku, na nafaka uipunguze. Kuhusu umri, wataalamu wengi hupendelea kungoja miezi kadhaa, ingawa mkubwa huumia zaidi na huhitaji sindano ya ganzi. Kidonda chochote, na hata mpira wa kubana, huweza kuleta pepopunda. Uliza chanjo yake.

Swali la mwisho: je, nyama ya maksai hupunguza nguvu za mwanamume? La. Testosteroni iliyo katika nyama yoyote, hata ya beberu, ni chembe ndogo, na ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye damu ya mlaji. Na kwa wanaouliza kuhusu Idd-ul-Adh'ha, wanazuoni wameruhusu mnyama aliyehasiwa kuchinjwa kwa udhuhiya.